Mlinzi wa Fabiani

Coleta aliona kwanza kwamba kikopo ni kikavu. Kaka yake alikuwa amekaa nacho chooni nusu saa, na sasa alisimama mlangoni akikigeuzageuza mkononi kama mtu aliyenunua karanga akakuta maganda.

"Hautoki," Fabiani alinong'ona. "Hata tone."

"Mwambie nesi."

"Mwambie wewe."

Kumweleza nesi habari za mkojo mbele ya benchi lililojaa watu, tena wengine wa jumuiya moja nao, ni jambo ambalo kwao hakuna aliyelelewa kulifanya. Coleta ndiyo kabisa. Shule aliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipomwita asome mbele ya wenzake. Aliomba ruhusa akanywe maji. Mpaka leo anakunywa.

Lakini kikopo kile kilikuwa na uzito wake. Figo za Fabiani zilikuwa zimekufa, na mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo ya mama yao, Silvana, ilikwishapimwa ikaonekana inamfaa. Kilibaki kikwazo kimoja. Tangu aanze kuendesha bodaboda njia ya Kasesya, Fabiani alikuwa mvutaji wa bangi, na daktari alimwambia bila kuzunguka: akae miezi sita bila kuigusa, halafu mkojo upimwe. Bangi ikionekana, safari ya hospitali kubwa inafutwa na miezi inaanza upya. Kwa jinsi miguu ilivyomvimba, hakuna nyumbani aliyeamini kwamba ana miezi sita mingine.

Mama akatafuta mlinzi wa kumchunga. Akamchagua Coleta.

"Huyu hata pombe haijui ladha," aliwaambia majirani pale Mazwi. "Saa nyingine nasahau kama yumo ndani."

Coleta aliipokea sifa hiyo akiwa ameinama, anaangalia vidole vya miguu yake, watu anaofahamiana nao kuliko wote mjini.

Kazi haikuwa ndogo. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na washikaji wa Fabiani wa kijiweni waliushika utaratibu. Walileta machungwa, na chini ya machungwa msokoto wa bangi. Kumrudishia mtu alichomletea mgonjwa ni kumtukana. Basi Fabiani alipokea, akashukuru, na mgeni alipotoka tu aliita, "Dogo, njoo uchukue mzigo wako."

Hakuficha hata mmoja. Mara chache aliunusa, akafumba macho, kisha akautoa kama anayetoa sadaka ambayo roho inaisikitikia.

Kuutupa jalalani Coleta aliogopa. Ungeokotwa, ikasemwa umetoka kwao. Alikwenda kuuchoma nyuma ya banda la nguruwe, ambako harufu moja zaidi haimshangazi mtu.

Miezi ile ikawa ya neema. Fabiani alitulia, akaanza hata kusali rozari. Na Coleta, kwa kupewa dhamana, naye akachangamka. Alianza kusalimia watu kabla hawajamsalimia. Kwenye kwaya alipewa ubeti wa kuimba peke yake, akauimba bila kukimbilia kunywa maji. Mzee Polikarp, mwalimu wa kwaya, alisema hayo ni maombi ya mama yake. Mama hakukataa.

"Mtoto akiaminiwa hunenepa," alisema, akimwongezea ugali wa ulezi kwa mara ya tatu.

Sasa mlangoni pa choo Fabiani aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akamtia Coleta kikopo mkononi.

"Ingia choo cha wanawake," alisema. "Wako ni safi kuliko wa padri."

"Kaka, mimi siwezi."

"Huwezi nini? Kukojoa? Mgonjwa ni mimi."

Akaingia. Hajawahi kumkatalia mtu kitu. Vitumbua vya jana hununua akijua ni vya jana, akashukuru. Alijifungia na kukaa muda mrefu, akiwa na tumaini kwamba wake nao hautatoka. Lakini figo zake zilikuwa nzima, zenye juhudi kama beberu wa kukodi. Kikopo kikajaa mpaka kwenye mstari.

Alipotoka, nesi Salome alikuwa amesimama mlangoni pa maabara. "Fabiani, bado tu? Tunakusubiri wewe."

"Tayari, nesi." Fabiani alinyoosha mkono. "Nipe, dogo."

Coleta hakutoa. Alikikumbatia kikopo kifuani kwa mikono miwili.

"Nipe bwana. Aibu ya nini?"

"Msimsumbue," mama alisema kutoka benchini alikokuwa akiwasubiri. "Mwanangu ana haya, ndivyo alivyozaliwa. Coleta, mpe kaka yako, usiogope. Hakuna anayekuangalia."

Benchi zima likageuka kuangalia.

Fabiani alikishika kikopo kwa juu na kuvuta polepole. Alikuwa anatabasamu, mtu aliyeshinda miezi sita mizima na kubakiza hatua nne tu kufika mlangoni. Coleta aliyatazama macho yake yaliyovimba, akavuta kikopo upande wake kwa nguvu hadi mkojo ukawamwagikia vidoleni. Akafungua mdomo, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Nesi, kaka yangu mkojo hautoki, mtafutieni kipimo kingine. Huu ni wangu, na bangi yake yote ya miezi sita nimeivuta mimi."