Kandambili ya Kwanza

Mjini pale hakuna aliyejua kununa kumshinda Bi Mgeni. Alimnunia Shomvi, mtalaka wake, miaka saba mfululizo, ukitoa sikukuu na zile siku alizompelekea pilau.

Sasa Shomvi alikuwa amejirekodia nyimbo zake za zeze chumbani kwake, na albamu ilikuwa inatoka Ijumaa hiyo, kanda ishirini tu. Nje ya duka la kanda foleni ilikuwa ya viatu. Kila mtu aliacha kandambili moja imshikie zamu, akakaa kivulini.

Bi Mgeni alikuwa akipita polepole, kanga ikiburura chini.

"Shoga, nawe umekuja kumsikiliza?" aliuliza Mwanaidi, jirani yake.

"Mimi? Nilimsikia akikoroma, yanitosha. Nimefuata chumvi."

Mlango ukafunguliwa. Shomvi akatoka na kanda, akaokota kandambili ya kwanza. Ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa zeze.

"Ya nani? Asiyejitokeza, zamu imempita."

Shomvi aliupapasa ule uzi, akatabasamu.

"Chumvi ipo duka la nyuma, shoga," alisema Mwanaidi.

Bi Mgeni hakusogea. Upepo ulikuwa umeinua kanga, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu.