Waya wa Bondeni

Mafundi wa mtandao wa mji ule walikuwa na mwiko mmoja: hukati waya kabla ya kuiita mara nne mashine ya upande wa pili. Ikiitika hata mara moja, huko kuna mtu, na waya unaachwa.

Siku ya kukata waya wa mwisho, fundi Chausiku akauita mtaa wa Bondeni alikozaliwa, ambao matingatinga ya manispaa yaliusawazisha miaka kumi na miwili nyuma, watu wakiwa bado ndani. Waya wa kwenda huko ndio kitu pekee ambacho manispaa ilikisahau.

Bondeni wakaitika, mara zote nne.

"Kata, dada," alisema bosi wake wa manispaa, Mshenga. "Kule kuna nyasi tu."

"Hata siku ile manispaa mlisema hivyo hivyo, bosi. Mimi sikati."

Mshenga akacheka, akachukua koleo, akakata mwenyewe. Ncha mbili za waya zikaning'inia ukutani.

Kwenye kioo cha kompyuta majibu kutoka Bondeni yakaendelea kuingia. La kwanza lilichukua sekunde tatu kufika, la pili mbili, la tatu moja, kama mtu anayeitika huku anakaribia.

"Zima hiyo kitu," Mshenga alinong'ona.

Chausiku akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakifuta vumbi, akakielekeza mlangoni.