Siku ya Tisini ya Zawena

Siku ya tisini baada ya kutoka hospitali alikowekewa koo jipya la hewa, Zawena aliketi mbele ya kitambuzi cha sauti kilichofungwa ukutani sebuleni kwake, Muheza. Serikali ilimjua kila mtu kwa sauti yake. Mgonjwa aliyetoka hospitali akiwa hatambuliki alipewa siku tisini za mazoezi; zikiisha, jina lake lilifutwa, na watoto wake wakapelekwa kwa walezi.

Kila asubuhi alikuwa akipuliza mrija ndani ya glasi ya maji mpaka kifua kikamuuma. Pumzi zilirudi, lakini sauti ilitoka ikikwaruza, si yake.

"Zawena binti Kihiyo," alisema.

"Hutambuliki," kitambuzi kilijibu. "Umebakiwa na nafasi moja."

Alianza kulia. Binti yake Tunu, wa miaka kumi na minne, akapiga magoti kando yake.

"Mama, niachie mimi. Kabla hujaugua, hata bibi alikuwa hatutofautishi kwenye simu."

Zawena alimshika mkono amzuie, ila Tunu alikuwa ameshainua uso.

"Zawena binti Kihiyo."

Taa ikawa ya kijani. "Karibu tena, Zawena. Pole kwa kuugua."

Wakakumbatiana, wakicheka na kulia.

"Sasa tuhakiki wanakaya," kitambuzi kikaendelea. "Tunu, taja jina lako."

Tunu alijitoa mikononi mwa mama. Sauti yake ilikuwa imeshaandikwa kwa jina la mama. Wote wawili wakaitazama ile taa, nayo ikawasubiri.