Picha ya Timu

“Sasa baba, hii picha mlitupiga ya nini?”

“Punguza sauti, majirani wanasikia!”

“Wasikie!”

Baba ni polisi. Mechi ya ujirani mwema, polisi na vijana wa mtaa, aliiandaa yeye. Tukawafunga, tukapanga mstari, tukapigwa picha tunacheka kama mazuzu. Leo nimeikuta kwenye koti lake, kila uso umezungushiwa wino mwekundu. Golikipa wetu wameshambeba.

Mimi tu sijazungushiwa.

“Nilikuombea, mwanangu. Jioni hii wanazoa wote. Usitoke.”

“Wenzangu wamefanya nini?”

“Wakubwa wanataka watu, basi.”

Wino ulikuwa bado mbichi, ukanishika kidole gumba.

“Ukienda kuwatonya, shauri yako! Ukikutwa nao hawatauliza wewe mtoto wa nani!”

Nikatoka, nikafunga mlango.