Sikio la Beberu

Homa ilivuka mto asubuhi. Korongo, daktari wa mifugo wa serikali mwenye mdomo mkali kama sindano, akawahi zizini. Kila aliyechanjwa alikatwa alama sikioni, kisha akaruhusiwa kwenda malishoni.

Beberu, mwoga mwenye ndevu ndefu, alisimama uso kwa uso na Kondoo aliyekwisha kuchanjwa, akajikata kwa seng'enge sikio la upande uleule aliouona.

"Nipisheni, mimi tayari!" alipaza sauti langoni.

Korongo aliruka juu. "Mshikeni! Waliochanjwa nawakata sikio la kulia. La kushoto ni la wagonjwa, na wagonjwa ni sindano saba!"

"Lakini mimi mzima, daktari!"

"Sikio lako linakataa."

Kondoo alicheka hadi akakaa chini. "Siku nyingine ukiniiga, kaka, simama nyuma yangu!"