Mkoba wa Tumbusi

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakichimba mawe, msimamizi wa machimbo alikuwa Ngiri, na kusubiri kulimshinda kabisa. Siku ya kumchagua mtoa huduma ya kwanza, Kobe alijitokeza na bandeji zake.

"Wewe utafika majeruhi keshazikwa!" Ngiri akamcheka. Kazi akampa Tumbusi, yule ndege mla mizoga.

Na kweli, Tumbusi hakuchelewa hata mara moja. Jiwe likimwangukia mchimbaji, yeye alikuwa ameshatua kando na mkoba wake. Ngiri akajisifu kila mahali. Kwamba waliohudumiwa hawakurudi kazini, hilo hakuliuliza.

Asubuhi moja Ngiri alikuwa anakunywa uji chini ya jabali. Tumbusi akatua pembeni yake.

"Nani ameumia?"

"Bado, bosi."

Ngiri akachungulia mkobani. Hamkuwa na bandeji humo, wala dawa. Mlikuwa na chumvi tu.

Juu yao jabali likaanza kulia.

"Kobe!" Ngiri akapiga ukelele. "Kobe, njoo upesi!"

"Nakuja, bosi," Kobe akaitika kutoka mbali, akaanza kutembea.