Masikio Yenye Namba

Puu! Puu! Puu!

Sauti ilitoka nyuma ya mlango, nzito, kama mtu anayetwanga kwa hasira. Asukile hakuhitaji kufungua ndipo ajue. Sungura akishikwa na hofu hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, na asubuhi hiyo walikuwa wanapiga wote watatu.

"Wamechemka," alisema Verediana, msimamizi wake, akikiinua kipimajoto kwenye mwanga. "Wote. Toleo zima linamwagwa."

Ndivyo kiwanda kile cha dripu, pembeni mwa mji wa Iringa, kilivyojilinda. Kabla chupa hazijapelekwa hospitalini, sungura watatu hudungwa maji yake kwenye mshipa wa sikio. Wakibaki na joto lao, dawa ni safi. Wakipandwa na homa, mna uchafu ambao hata hadubini haiuoni, na uchafu huo ukimwingia mgonjwa aliyekwisha dhoofika, humaliza kazi.

Asukile alikuwa mwanagenzi hapo, kijana wa Ilomba, Mbeya. Alijua kupima, na alijua kwamba anajua. Kosa lake lilikuwa kuwapa sungura majina. Mchumba, kwa ajili ya macho. Bosi, kwa ajili ya tumbo. Katekista, kwa sababu midomo yake haikupumzika.

"Wachinje leo leo," alisema Verediana. "Halafu ulete wengine kutoka kwa Liberatus, yule mfugaji."

"Wamekosa nini, madam? Si ndio wametuokoa?"

"Ni sheria. Sungura aliyechemka haaminiki tena. Mwili umeshauonja uchafu, unauzoea. Ukimdunga tena, ana..."

"Wangekuwa watu tungewapa cheti!" Asukile alimkatiza. "Hawa tunawapa kisu."

Verediana alimtazama kwa utulivu. "Na cheti chako wewe nakisaini mimi. Kesho asubuhi nataka masikio yao yenye namba mezani kwangu. Nyama mpe mpishi."

Asubuhi masikio matatu yalikuwa mezani, juu ya gazeti. Nyama ilikuwa jikoni. Kwenye vizimba, sungura weupe watatu walitafuna kabichi, masikio yao mekundu kwa kusuguliwa, tayari kuandikwa namba mpya.

Verediana aliinua sikio moja. Kidole gumba kikabaki na bluu.

"Wino huu mbona haujakauka?"

"Damu imeulowesha, madam."

Macho ya kijana yalikuwa yamevimba. Verediana alimhurumia, akafunga gazeti.

"Utazoea," alisema.

Jioni Asukile alimpigia simu dada yake, Devotha, aliyekuwa nyumbani Ilomba na mimba iliyokaribia siku zake. Alimweleza yote kuhusu amri ile.

"Jamani Asu! Mwanaume mzima unalilia mboga?" Devotha alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia usiwape majina? Sasa mimi nikienda leba utalia hivyo hivyo?"

"Wewe zaa tu, dada. Dripu watakayokuwekea nitakuwa nimeipima mimi."

"Ndaga, asante, daktari wa sungura."

Mtambo ulioshwa haraka haraka, maana hospitali zilikuwa zinalalamika. Toleo jipya likatoka. Asukile mwenyewe alishika sindano, Verediana akisimama nyuma yake. Sungura wakadungwa. Hakuna aliyepiga mguu. Waliendelea na kabichi yao kana kwamba wamepewa maji ya kunywa, na kipimajoto hakikusogea.

"Umenyooka mkono," Verediana alimsifu. Akasaini. Malori yakapakiwa, yakashika barabara ya Mbeya.

Devotha alijifungua mtoto wa kike mwishoni mwa mwezi uliofuata. Mtoto alilia vizuri. Mama ndiye aliyeendelea kutokwa na damu hata baada ya watu kupongezana. Asukile alipofika wodini, dada yake alikuwa amepauka kama karatasi, na juu yake ilining'inia chupa, tone kwa tone.

Aliigeuza chupa asome namba ya toleo. Kifua kikamjaa fahari. Lilikuwa lake.

"Umekuja, daktari," Devotha alinong'ona.

"Si nilikuahidi?"

Alitabasamu, akafumba macho. Kisha meno yake yakaanza kugongana. Mabega yakafuata, na baada ya mabega, kitanda. Chuma cha kitanda kikaanza kugonga ukuta.

Puu. Puu. Puu.

"Asu... baridi."

Anjela, nesi wa zamu, alikuja mbio akamgusa paji la uso. "Anachemka huyu! Hakuwa hivi kabla sijamwekea hii." Mkono wake ukaenda kwenye mpira wa dripu. "Naifunga."

Asukile alimdaka kifundo cha mkono.

"Usiiguse, sista! Amepoteza damu, ukiifunga unamuua. Mimi natoka kiwandani kwenyewe. Nimeipima kwa mkono huu."

Anjela alimtazama kijana, akaitazama chupa, akasita. Alikuwa peke yake na wodi nzima. Mwishowe aliuachia mpira, akakimbia kumtafuta daktari.

Asukile alimvutia dada yake blanketi mpaka kidevuni. Akainama, akaweka mdomo karibu na sikio lake, apate kusikika juu ya kelele ya kitanda.

"Dada, nikupe siri ufurahi. Wale mboga wako sikuwachinja. Nilichinja wale wa Liberatus. Mchumba, Bosi na Katekista niliwarudisha kizimbani, na ndio walioipima dripu hii. Hakuchemka hata mmoja. Kwa hiyo nakuahidi, dada yangu, mbele ya Mungu: haitakudhuru."